Joka Lisilosalimia

Kitabu hiki bado kinanukia moshi wa kuni za mlingoti. Nikikifungua tu, najikuta nimechuchumaa jikoni kwetu, baridi mgongoni, moto magotini, maharage yanatokota, na dada yangu mkubwa anatusomea. Kitabu ni cha Kiingereza. Yeye alikuwa anakigeuza Kiswahili papo hapo, na akikwama anachomeka Kihehe. Joka lake lilikaa kwenye yale mawe nyuma ya nyumba yetu, na kabla ya kumla mtu lilisimama kwanza mlangoni likamsalimia: "Kamwene!" Sisi wadogo tuliitikia wote, kwa woga na kwa adabu.

Baadaye filamu ya kitabu hicho ikaletwa kwenye kibanda cha video. Joka likatokea angani, likateketeza kijiji kizima.

"Dada, mbona halijasalimia?" niliuliza kwa sauti.

Kibanda kizima kiliangua kicheko. Dada hakucheka. Alinivuta karibu, akanifunika na kitenge chake.

"Hilo la mjini," alininong'oneza. "La kwetu limelelewa."

Jioni hii mwanangu ameshika simu, anataka tuanze na filamu. Nimemwambia hapana, tunaanza na kitabu cha mama yake mkubwa. Nimesoma taratibu mpaka joka limefika mlangoni.

"Kamwene!" nimesema.

Amechungulia ukurasa, akaupitishia kidole. "Mama, hiyo mbona haijaandikwa?"

"Itikia kwanza," nimemwambia. "Umesalimiwa."