Kijiko kwenye Sinia

Kucha za harusi nilizibandua mwenyewe, nyumbani kwetu Bunju, kwa kadi ya benki ya mume wangu. Fundi aliyenibandikia kule Kinondoni alinionya nirudi kwake azilowanishe dawa, ziachie zenyewe. Lakini ya kidole gumba ilikuwa imeshaanza kunyanyuka, maji yanaingia chini yake kila nikiosha vyombo, na mimi nikianza kuchokonoa kitu sijui kuacha. Nilipenyeza kona ya kadi, nikaikweza. Ikatoka na tabaka la kucha yangu, kwa sauti kama ya karatasi inayochanwa. Nikaendelea hadi ya mwisho.

Kilichobaki sikukitambua. Kucha zilikuwa nyembamba kama ngozi ya ndani ya kitunguu, zina mabaka meupe, zinapinda nikifunga kifungo cha shati. Maji ya moto yaliziwasha. Hata kuandika, kazi ninayojidai nayo, nilibonyeza herufi kwa nyama ya vidole, na sentensi zikatoka fupi kama za mtu aliyenuna. Ndoa yangu ilikuwa bado changa, na tayari nilikuwa naficha mikono: ndani ya khanga, ndani ya baibui, chini ya mkoba.

Ijumaa moja mama mkwe alituita chakula kwake Buguruni. Nilijua naitwa kutazamwa. Mume wangu ndiye mtoto wa kiume pekee, ana dada wawili, na tangu harusi nilikuwa sijakaa nao mkeka mmoja. Nilitaka wanipende. Nililitaka hilo kuliko nilivyokuwa tayari kukiri, mimi niliyezoea kuwaambia waandishi wenzangu kwamba sijali watu wananionaje.

Wanaume walikula barazani. Sisi wanawake wanne tulikaa ndani, tumelizunguka sinia moja la pilau. Wifi mdogo alipitisha birika na bakuli, akaninawisha. Nilinawa ngumi nimeifumba. Kisha nikaiona kachumbari juu ya pilau, inang'aa kwa ndimu na pilipili, na vidole vikaanza kuwasha kabla sijagusa kitu.

"Naomba kijiko," nikasema.

Anayeomba kijiko kwenye sinia la pamoja ameshasema neno kuhusu mikono ya wenzake.

"Mleteeni wifi kijiko," alisema wifi mkubwa. "Na uma. Na kile kitambaa cha kutundika shingoni. Sie tulidhani tumenawa."

"Dada, muache," mdogo akacheka. "Anaogopa kuvunja kucha zake. Si unazikumbuka kule ukumbini? Hata kisu cha keki kilimshinda kushika."

"Kucha zenyewe ziko wapi? Hebu tuone, wifi."

Nikaficha mkono wa kushoto chini ya goti. Kijiko kililetwa, nikala nacho, ncha za vidole nimezikunjia kiganjani. Kila kilipogonga bati la sinia, mama mkwe aliinamisha macho. Nilijua anachofikiri: mwanangu ameoa mwenye kinyaa. Na Mungu anisamehe, kwa muda nilimwacha afikiri hivyo. Niliona afadhali niitwe mwenye maringo kuliko vidole vile kuonekana.

"Mwanangu," akaniuliza taratibu, bila mzaha, "pilau langu lina nini?"

Nikaweka kijiko chini. Nikatandaza mikono yote miwili juu ya mkeka.

"Yarabi!" wifi mkubwa akashika kifua. "Umebanwa na mlango?"

"Nimezibandua mwenyewe."

"Kwa kitu gani?"

"Kadi ya benki."

Wifi mdogo alianguka ubavu kwa kucheka. "Wifi! Na namba ya siri uliingiza?"

Mama mkwe hakucheka. Aliuchukua mkono wangu wa kulia, akaulaza pajani pake. Kisha akafinyanga tonge, akaliepusha na kachumbari, akalileta mdomoni pangu.

"Fungua."

Mke wa mtu, mwandishi mzima, nikafungua mdomo mbele ya mawifi zangu. Uso uliniwaka kuliko ndimu yoyote.

Tangu siku hiyo nazikata fupi kabisa. Nazipaka mafuta ya nazi kila nikitoka kwenye maji, na vyombo naosha kwa glavu. Kucha iliyoharibika haiponi. Mpya inaisukuma mbele polepole, mpaka siku unaikata na kuitupa. Na kila Ijumaa tukienda Buguruni, mama mkwe hunilisha, na mawifi huniuliza kama leo nimekuja na kadi.

Kucha mpya sasa zimevuka nusu ya njia kwenda ncha ya kidole. Wiki iliyopita, jikoni kwangu, nilimega ugali nikauchovya kwenye mchuzi wa ndimu na pilipili. Haukuwasha hata kidogo. Ijumaa nikaenda Buguruni, nikanawa, nikakaa mkekani karibu na mama mkwe. Sikumwambia. Nikafungua mdomo.