Kamati ya Kibebeo cha Mama Kavindu

Musyimi wa Nunguni alizaliwa mwenyekiti. Ameongoza kamati ya maji, ya ujenzi wa kanisa, ya mazishi yasiyohesabika, na ya josho ambalo mpaka leo halijaona ng'ombe. Ukimkaribisha chai, atauliza kwanza ajenda ni nini. Si mtu mbaya, jamani. Ni vile tu hajawahi kuona kazi akaifanya kabla haijaundiwa kamati.

Kwa hiyo mama yake, Kavindu, mwenye miaka sabini na minane, aliposema anataka kwenda Mutomo kumwona dada yake, alikuwa ameuchokoza mzinga. Miguu yake ilikuwa imegoma mwaka wa pili sasa. Mjukuu aliye ng'ambo alikuwa amemletea kiti cha magurudumu cha umeme, kizuri kweli, lakini kizito kama ndama, hakikunjiki, na kwenye buti ya gari la Musyimi kilikataa kuingia.

"Syokau ananiita," Kavindu alisema. "Kifua chake si kizuri. Nipeleke Jumamosi."

"Na kiti je, mwaitu?" Musyimi akamuuliza mama yake.

"Kiti kikae. Mtanibeba."

"Watu wa Mutomo waone mama ya Musyimi akibebwa kama gunia ya mahindi? Hapana. Tutatafuta kibebeo."

Kibebeo ni jukwaa la chuma linalofungwa nyuma ya gari, kwenye ndoano ya kuvutia trela, kiti kikapanda juu yake. Ni kitu cha kuamuliwa na mtu mmoja na fundi mmoja, asubuhi moja. Musyimi aliteua watu saba.

Walikutana mara nne. Walijadili kama ngazi ya kupandishia kiti iwe kushoto au kulia. Walijadili kibebeo cha mota na kisicho na mota. Kikao kizima kiliishia kwenye rangi, kwa sababu mchungaji aliona nyeusi ina huzuni. Mulinge, mwalimu mstaafu ambaye ndiye katibu, aliandika yote hayo kwa mwandiko wa kupendeza. Kila Jumapili baada ya ibada Kavindu aliuliza siku ya safari, na kila Jumapili akajibiwa, "Tuko kwa process, mwaitu."

Ndolo, fundi wa kuchomelea vyuma kule Malili, ndiye aliyewaharibia raha.

"Kiti ni kilo ngapi?" aliuliza.

Kamati ikatazamana.

"Na hii gari inaweza beba kilo ngapi huko nyuma?"

Kamati ikatazama chini.

"Ukiweka mzigo kubwa nyuma, gari inainua pua kama mbuzi inanusa mvua. Steering inakuwa nyepesi, unajipata kwa shamba ya mtu. Endeni mpime kwanza."

Wakakipima sokoni kwenye mizani ya kabichi: kilo sitini na mbili. Ndolo akasema itawezekana akiongeza nguvu ya springi. Hapo mtu mwingine angesema chomelea. Musyimi alisema, "Kabla ya kuamua, tufanye benchmarking, tuone cha wengine."

Kulikuwa na mfanyabiashara aliyekuwa na kibebeo kama hicho cha baba yake. Na huyo mfanyabiashara alikaa wapi? Mutomo.

Asubuhi ya safari Kavindu alikuwa barazani tangu mapema, amejifunga leso mpya, mkoba magotini. Musyimi alimwambia kwa upole kwamba leo ni ya kamati. Gari lilikuwa na viti vitano na wanaume watano. Kavindu akawapa pakiti mbili za sukari za kumpelekea dada yake, akabaki akitazama vumbi.

Mutomo walikitikisa kile kibebeo, wakakipiga picha, wakalala chini yake na kupima unene wa chuma. Kisha wakala mbuzi. Jioni, njia ikiwa inawapitisha huko, Musyimi akaingia kwa mama yake mdogo na ile sukari. Syokau hakuitazama. Alitazama garini.

"Dada yangu yuko wapi?"

Musyimi alieleza: utafiti, springi, mapendekezo. Syokau alisikiliza akikohoa.

"Na hawa wanaume wanne?"

"Ni kamati, mama."

"Kamati ya wanaume wanne haiwezi kubeba kikongwe mmoja kutoka kwa gari mpaka hapa? Mimi sina kiti cha kumkalisha?"

Musyimi alicheka, akaahidi kulifikisha wazo hilo mbele ya kikao. Kwenye kumbukumbu Mulinge aliandika: *Kamati ilipokelewa vyema.*

Vikapita vikao vingine viwili, kisha Ndolo akaruhusiwa kufanya kazi. Ilimchukua siku nne. Kibebeo kilifungwa Alhamisi, rangi ya kijani. Ijumaa alfajiri simu ikapigwa kutoka Mutomo: Syokau ametutoka.

Lazima niseme ukweli, kibebeo kilifanya kazi ajabu. Kutoka Nunguni mpaka kaburini kwa Syokau hakuna nati iliyolegea. Waombolezaji walikizunguka kabla hata ya kulizunguka jeneza, na Musyimi, alipopewa kipaza sauti kuzungumza kwa niaba ya familia, hakuweza kujizuia. Akaanza kuwashukuru wanakamati, mmoja mmoja, na vyeo vyao.

Alikuwa amefika kwa mchungaji aliposikia mvumo wa kiti kando yake. Kavindu alimvuta koti. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha.

"Musyimi. Siku ile mlikuja, alikuwa amevaa nini?"

Musyimi akaitafuta siku ile kichwani. Unene wa chuma aliujua, milimita tano. Idadi ya nati aliijua.

"Alikuwa amekonda? Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe zote, ama bado?"

Macho yakamjaa maji. Kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni, na msiba mzima ukamsikia.

"Sikumwangalia, mwaitu."