Nati Niliyoirudisha Nyuma

Harusi ya mpwa wangu Restituta iliisha salama, na wote waliohusika walirudi nyumbani na heshima zao isipokuwa mimi. Nasimulia mwenyewe, kwa sababu hapa Songea mkasa usiposimuliwa na mwenyewe husimuliwa na wengine, tena kwa chumvi.

Ni hivi. Nina gari la zamani, saluni ya kijivu aliyoniachia marehemu baba, na kwa kuwa sikusomea ufundi, nimejifunza kulitengeneza kwa kitabu chake na kwa kulifungua na kulifunga (mke wangu husema zaidi ni kulifungua). Restituta alipopata mchumba aliniomba jambo moja: apelekwe kanisani kwa gari la babu yake, na kwa kuwa baba yake naye ni marehemu, mimi mjomba niendeshe, kisha nimkabidhi kwa mumewe pale mlangoni. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Wiki nzima nilikuwa chini ya gari. Bushi, zile pete za mpira kwenye mikono ya magurudumu, zilikuwa zimepasuka, nikaweka mpya, na nikazikaza gari likiwa chini kwa uzito wake, maana ukizikaza tairi zikining'inia kwenye jeki mpira unajisokota na haudumu. Nikabadilisha pia jointi za tairodi, ile fimbo inayofanya magurudumu mawili ya mbele yageuke pamoja. Kila jointi hufungwa kwa nati yenye meno, na katikati ya meno hupita pini inayoingia kwenye tundu la bolti ili nati isijifungue. Sasa, nati ya kushoto ilipokazika, meno hayakulingana na tundu. Kitabu kinasema wazi: ongeza kukaza mpaka yalingane, usirudishe nyuma. Lakini nilikuwa nimechoka, giza linaingia, spana imenichubua vidole, basi nikairudisha nyuma kidogo, na kwa kuwa pini niliyonunua ilikuwa nene kuliko tundu, nikapitisha kipande cha waya. Nikajiambia kwa mwendo wa harusi inatosha.

Na ingetosha, kama si matarumbeta.

Mnajua misafara yetu: nyuma kuna kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kimejaa wapiga tarumbeta, na gari la bibi harusi sharti licheze, yaani dereva ayumbishe usukani kulia na kushoto kufuata muziki. Tulipotoka Matogoro nilinyoosha gari kama niko kwenye mtihani wa leseni. Dada yangu Eufrasia, mama wa bibi harusi, alikuwa amekaa pembeni yangu.

"Mdogo wangu, tunakwenda harusini au mazikoni?"

"Dada, hili ni gari la zamani."

"Mjomba, chezesha kidogo tu," Restituta akasema kutoka nyuma. "Watu wanatuangalia."

Nikachezesha kidogo. Wakapiga vigelegele. Nikaongeza (sikuwahi kushangiliwa maishani, sikujua ni kutamu namna ile), na tulipofika Mjimwema, kanisa linaonekana kabisa, nilikuwa nachezesha kwa mkono mmoja.

Pakalia tak, na usukani ukawa mwepesi mkononi. Nikakanyaga breki. Gari likasimama katikati ya barabara, tairi la kulia linatazama mbele, la kushoto linatazama uani kwa watu.

"Mzee, shikamoo!" kijana wa bodaboda akaita. "Tairi moja linakwenda Tunduru, lingine Mbinga, wewe unafuata lipi?"

Watu wakacheka. Matarumbeta hayakunyamaza, wao walidhani ndiyo mchezo wenyewe. Nikavua koti, nikajitosa chini ya gari na suruali mpya. Tairodi imening'inia, nati haipo.

"Dakika kumi tu!" nikapaza sauti.

"Padri ana misa nyingine Maposeni," Eufrasia akasema kwa sauti ya chini, ile ya hatari. "Alisema tukichelewa hatatungoja."

"Dakika kumi, dada!"

Kengele ya kanisa ikalia. Viatu vyeupe vikaja kusimama karibu na kichwa changu.

"Mjomba," Restituta akasema, "unanikabidhi wewe, au linanikabidhi gari?"

Nikatoka chini. Vijana wakainua pua ya gari wakalisogeza pembeni, nasi tukakimbilia kirikuu. Dada akapewa kiti cha mbele. Bibi harusi akapanda nyuma pamoja nami, akakaa kati ya ngoma na tarumbeta kubwa, kashika shela kwa mikono miwili, anacheka mpaka machozi.

Mlangoni nilitaka kumshika kwa kiwiko, maana viganja vyangu vilikuwa vyeusi tii. Akanishika mkono kwa nguvu na glavu yake nyeupe. Nikamkabidhi, na bwana harusi akaupokea mkono ule ule, glavu na grisi yake. Padri akatazama mikono yetu mitatu, akasema, "Hawa naona wameshaungana," na kanisa zima likaangua kicheko, na waliokuwa nyuma wakasimama kwenye mabenchi wanione vizuri.

Tangu siku ile, nati isipolingana naikaza mbele, hata kama nitalala na spana mkononi, na gari langu halichezi muziki wa mtu yeyote. Mwakani anaolewa mdogo wake Restituta. Dada kanipigia simu mwenyewe kunialika.

"Njoo mapema," kasema, "tena uje kwa miguu."

Nimekubali.