Nta Juu ya Betri ya Mwalimu

Mama mkwe wangu, Lenah, hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo mapema kwa sababu nikianza kumweleza utadhani nakusimulia habari za mchawi. Alikuwa mtu wa shaka, basi. Maziwa akiyaacha jikoni, alichora mstari wa makaa kwenye sufuria pale yalipofika. Magunia ya viazi aliyashona kwa mkono wake, na fundo la mwisho alilipinda kushoto, ili atakayefungua na kufunga tena kulia ajulikane. Mtu akimshika mkono kanisani akamwambia Mungu akubariki, alikaa akijiuliza hadi Jumatano mtu yule anataka nini.

Hakuzaliwa hivyo. Zamani, wakati wa kupima mashamba, mumewe akiwa mbali Kanyakine akifundisha, shemeji yake alimletea karatasi atie kidole gumba. Akaambiwa ni ya kuthibitisha tu kwamba wapimaji wamefika. Akatia. Shamba la chini, lile lililoshika mto, likaenda na kidole chake. Tangu siku hiyo kila mtu kwake alikuwa shemeji yule mpaka aonyeshe vingine, na wachache sana ndio walioonyesha.

Mimi niliolewa pale juu Kibirichia mwaka wa tisini na mbili, natoka Siakago, kule Mbeere kwenye joto na mbuzi. Hiyo pekee ilitosha kunifungulia kesi. Alikuwa amesikia kwamba kwetu watu wana dawa. Miaka miwili hakula chakula nilichopika kabla sijakionja mbele yake. Nilionja. Mume wangu Kirimi alikuwa na kazi Isiolo, akirudi mwisho wa mwezi, kwa hivyo nilionja hivyo bila shahidi wala mtetezi. Ninayo hasira, usidanganyike, ila yangu si ya kupiga kelele. Yangu hunyamaza, ikakaa.

Aliyenifanya nisifunge virago ni baba mkwe, Mwalimu Muthamia. Alikuwa amestaafu, mtu mrefu wa sauti ya chini, na ndiye aliyenifundisha Kimeru. Aliniandikia maneno matano kila jioni nyuma ya daftari kuukuu, na nikikosea hakunicheka. Nilimpenda mzee yule kama baba aliyenizaa. Akiniita mwanangu, nilijua ameniita kwa moyo.

Sasa, Mwalimu alikuwa na ugonjwa wa usingizi. Alikoroma hadi mbwa wakasogea mbali na dirisha, lakini mkoromo haukuwa tabu. Tabu ilikuwa pale ulipokatika. Mama mkwe alitueleza kwamba ulikuwa unakatika kabisa, kimya, hata pumzi hakuna, halafu mzee anashtuka akivuta hewa kama mtu aliyetolewa majini. Mchana alilala popote. Alilala kanisani, alilala na kikombe cha chai mkononi, na siku moja alilala juu ya baiskeli akaingia kwenye ua wa miiba wa jirani. Daktari mgeni katika hospitali ya misheni alimpima akasema koo lake linajifunga akilala, na moyo unachoka kwa kukosa hewa. Hakuficha. Alisema siku moja, hilo lisipotibiwa, mzee ataamka amepooza au hataamka.

Binti mkubwa wa nyumba, Angeline, alikuwa nesi Uingereza. Mwaka wa tisini na sita akatuma mashine iliyokwisha kutumiwa na mwingine, kisanduku cha ukubwa wa sanduku la viatu, na bomba laini, na kifuniko cha kuvaa puani. Ilisukuma hewa koo lisijifunge. Ingeweza kutumia stima, lakini nguzo za stima hazikuwa zimefika mgongo wetu wa mlima. Angeline alikuwa amelifikiria hilo, akatuma na waya wa kuunganisha betri ya gari. Tukanunua betri mbili mpya. Moja ikiwa chini ya kitanda, nyingine iko kuchajiwa, na kila moja ilibeba mzee usiku mbili nzima.

Haki ya Mungu, baada ya wiki moja Mwalimu alirudi kuwa mtu. Alishika jembe. Aliimba asubuhi akiosha uso. Mama hakusema amefurahi, hiyo haikuwa lugha yake, lakini mashine aliifunika kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Aliifunika pia ili isionekane. Miaka ile kila kona watu walikuwa wanaongea habari za waabudu shetani, na mzee wa kanisa anayelala na bomba usoni angetangazwa kabla ya jua kuchwa.

Betri tulizipeleka kwanza sokoni Kibirichia. Miezi miwili tu, Mama akamshuku mwenye duka kwamba anakodisha betri yetu kwa baa yenye televisheni. Wakagombana mbele za watu. Ndipo tukahamia Kiirua, mbali zaidi, mimi na punda na mkokoteni, kwa mtu aliyeitwa Njuki.

Siku ya kwanza Mama alikuja nami kumpima. Njuki alikuwa mwembamba, suruali imejaa matundu ya asidi, na dukani kwake betri zilipangwa ukutani zikichemka polepole kwenye nyaya zake. Nikamsikia lafudhi. Kabla sijafikiri nikamsalimia kwa Kimbeere, naye akaitika kwa furaha, akauliza mimi ni wa wapi. Kumbe alikuwa wa karibu na kwetu kabisa. Tuliongea labda dakika moja. Nilipogeuka, uso wa Mama ulikuwa umefungwa kama duka siku ya Jumapili.

Na kama hilo halikutosha, Njuki akachukua bomba lake la kioo, lile lenye mpira wa kubonyeza, akalitumbukiza kwenye betri ya mtu mwingine akavuta maji hadi nusu. Ndivyo wanavyopima nguvu ya asidi. Anavuta, anaangalia kielea kilicho ndani, anarudisha. Lakini Mama aliona kuvuta tu, akaamua anaiba asidi ya wateja. Wakati wa kurudisha alikuwa ameshanishika mkono ananitoa nje.

Tulitembea hadi tukafika kwenye mteremko. Hapo akasema kwa utulivu, "Kikulacho ki nguoni mwako," akiniangalia mimi, si barabara.

Kwingine pa kuchaji hapakuwa, na safari iliyofuata ndiyo ya mwisho yeye kufika Kiirua kwa muda mrefu, maana goti lilikuwa linamsumbua. Alikuja na mshumaa. Kila betri ina vifuniko sita juu, vya kufungua na kufunga. Aliyeyusha nta akaidondosha pembeni mwa kila kifuniko, akaikandamiza kwa kidole gumba, alama ya kidole ikabaki; betri ya nyumbani nayo aliifanyia vivyo hivyo baadaye. Njuki alimsihi asizibe vitundu vidogo vya juu, akasema betri ikichajiwa hutoa hewa, ukiiziba itapasuka. Mama akaviacha vitundu. Hilo tu ndilo alilokubali. Akasema nta ikiguswa atajua, na akijua ataleta chifu.

Basi ikawa hivyo. Nilipeleka, nilirudisha, na nikifika nyumbani Mama aliinama juu ya betri na tochi, mchana kweupe, akisoma kidole chake. Mimi sikuruhusiwa kuvuka mlango wa chumba chao, ni chumba cha wakwe, kwa hivyo nilisimama nje nikingoja kuhukumiwa. Nta haikuguswa hata mara moja.

Mwaka ulipopita, betri zikaanza kuchoka. Usiku wa pili zilikuwa zinakatika alfajiri. Halafu usiku wa pili ukawa hauna kitu kabisa. Njuki akaniita kando, akagonga vifuniko kwa kidole. Akanieleza kwamba betri inapochajiwa maji yake yanapungua, na lazima kifuniko kifunguliwe, iongezwe maji ya betri, vinginevyo mabamba ya ndani yanakauka na kuharibika. Ni kazi ya dakika tano. Alitaka ruhusa tu ya kuvunja ile nta.

Nilimwambia Mama jioni ile ile. Nilimwambia kwa heshima, nimepiga goti nikimpa uji, nikaeleza yote kama nilivyoelezwa. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mmekaa mkapanga kwa lugha yenu. Mmekosa mlango, sasa mnataka nikufungulieni mwenyewe."

Nilisimama nikatoka. Nilienda nyuma ya zizi nikalia kwa hasira, si kwa huzuni. Miaka miwili nimeonja chakula chako, miaka mitano nimebeba mizigo yako, nimehukumiwa mlangoni mwako, halafu nipange kumuua mzee ninayempenda? Nikaapa pale pale kwamba jambo la betri halitatoka mdomoni mwangu tena. Si amesema anajua? Acha ajue.

Kiapo nikakitimiza. Njuki aliniuliza wiki iliyofuata kama nimemwambia mama. Nikamjibu nimemwambia. Akauliza tena, na tena, na kila mara jibu langu lilikuwa lile lile, na halikuwa uongo. Nilikuwa nimemwambia. Kirimi alipokuja mwisho wa mwezi akauliza mbona baba amechoka hivi, nikasema muulize mama yako. Hakuuliza, na mimi sikusema zaidi.

Na mzee alikuwa amechoka kweli. Kwanza nyimbo za asubuhi zilikwisha. Kisha jembe. Akaanza tena kulala na kikombe mkononi, na jioni moja alipokuwa ananiandikia maneno yangu matano, kalamu ilitambaa ikatoka nje ya karatasi na kichwa kikaanguka. Nilimwangalia. Nilijua ni kwa nini. Ningefungua mdomo dakika ile, nusu dakika tu, lakini Mama aliingia akaniangalia kwa lile jicho lake, na mdomo wangu ukajifunga wenyewe.

Ilikuwa Alhamisi, saa moja asubuhi, nikikamua. Mama aliniita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia. Aliniita ndani, chumbani kwao, mahali ambapo sikuwahi kukanyaga. Mwalimu alikuwa sakafuni kando ya kitanda. Mdomo ulikuwa umeenda upande, na mkono wa kulia haukumsikiliza. Mashine ilikuwa kimya juu ya stuli na kitambaa chake. Tulimbeba kwa mkokoteni, tukapata gari barabarani, na hospitalini wakasema ni kiharusi, tungoje.

Siku ya tatu, mzee akiwa bado hasemi, Mama alinitoa kando ya kitanda chake akaniambia tuende Kiirua. Tukarudi nyumbani kwanza kuchukua punda na betri zote mbili. Goti lake alilisahau. Njiani alimpitia msaidizi wa chifu, mzee Mutembei, kama shahidi. Alikuwa na hakika. Alitembea na ile hakika mbele yetu sote.

Njuki alipotuona hakukimbia. Mama akamwonyesha msaidizi wa chifu nta, kifuniko kwa kifuniko, alama ya kidole chake ikiwa nzima. Akasema ameibiwa kwa njia asiyoijua na anataka aijue leo. Njuki akaomba ruhusa ya kufungua. Mama akamwambia fungua.

Akachokonoa nta kwa bisibisi, akazungusha kifuniko cha kwanza, akainamisha betri kwenye mwanga. Mutembei akachungulia. Mama akachungulia. Ndani palikuwa pakavu. Mabamba yalikuwa meupe, yamejikunja kama majani ya viazi yaliyopigwa na baridi. Kifuniko cha pili vivyo hivyo. Na cha tatu.

"Mama, hapa hakuna mwizi," Njuki akasema. "Hii ilikuwa inataka maji tu. Tangu mwaka jana nimemwambia huyu mwana wako, zaidi ya mara kumi."

Mutembei alikohoa akaangalia nje. Mama hakumwangalia Njuki. Alinigeukia mimi, polepole.

"Winfred. Ulijua?"

Miaka yote alinishuku kwa mambo ambayo sikuyafanya, na jibu nilikuwa nalo tayari, limekaa ulimini. Hili nilikuwa nimelifanya.

"Nilijua," nikasema. "Nilikuambia mara moja. Ukanitukana. Nikanyamaza."

Nilingoja anipige. Ningefurahi angenipiga. Badala yake alimuuliza Njuki kama maji yatasaidia sasa, Njuki akasema mabamba yakishafika hapo hayarudi. Kisha yeye mwenyewe, bila kuombwa, akashusha betri yake nzuri ukutani, akaiweka kwenye mkokoteni wetu, akasema mzee akitoka hospitalini atumie hiyo. Mama aliipokea. Hakuuliza ni ya nani, hakuigusa vifuniko.

Tulipanda mlima hadi mashamba ya kwanza ya viazi. Nilikuwa mbele na kamba ya punda, yeye nyuma ameshika ubao wa mkokoteni. Nilimsikia akisimama, nami nikasimama.

"Jambo likisemwa mara moja nalishuku," akasema. "Wewe umekaa kwangu miaka mitano, unanijua. Ungelirudia. Ungelirudia mara tatu, hata kwa matusi. Ningekushuku, ndiyo. Lakini ningefungua nione."

Nilivuta kamba, na punda akaanza kupanda tena.