Fomu Niliyowapelekea Akina Mama wa Gatuanyaga

Hasira yangu haijaisha, na sitaki mtu aniambie nitulie.

Nilikuwa karani wa mikopo katika sacco moja, chama cha akiba na mikopo, pale Thika. Serikali ilikuwa imeanza kudai kila sacco ijue ni mikopo ipi inaweza kuliwa na ukame au mafuriko, basi meneja wetu akanituma na fomu: zungukia wanachama, uliza hasara, halafu chora ramani. Kijani, tunakopesha. Nyekundu, tunakaa mbali. Hilo la kukaa mbali hakuniambia wakati huo. Aliniambia tunataka kujua nani anahitaji kusaidiwa, na mimi mjinga nikaamini.

Nilianzia Ruiru. Mwenye ploti mmoja ana nyumba za kupangisha huko chini kabisa, karibu na mto. Tope lilikuwa limeacha alama ukutani mpaka usawa wa dirisha. "Maji hayajawahi kuingia hapa," akaniambia, ananiangalia machoni bila haya. Nikaandika alivyosema, maana fomu haikuwa na nafasi ya kuandika nilichokiona.

Gatuanyaga ni kwetu. Mama yangu ndiye mwenyekiti wa kikundi cha akina mama waliokuwa wameomba mkopo wa kuchimba bwawa la kuvuna maji ya mvua, ili mifugo iache kuwafia. Sasa, huko kwetu mtu akija na fomu ya kiangazi, nyuma yake huja lori la mahindi ya msaada. Watu wamezoea kujibu: aliyepoteza mbuzi wawili husema sita. Mama akawakusanya kanisani akawaambia, "Msimfiche huyu, ni mtoto wetu." Wakasema yote, na mengine juu yake. Hata ng'ombe waliouzwa sokoni wakawa wamekufa kwa njaa. Nilijua wanaongeza. Nilicheka nao, nikanywa chai yao, nikaandika kila neno. Ati nawasaidia!

Ramani ikatoka. Ruiru kijani mpaka ukingoni mwa mto. Gatuanyaga nyekundu tupu. Bodi ikapiga makofi, na siku hiyo hiyo mkopo wa bwawa ukakataliwa. Nikasimama. Nikasema jamani, si hilo bwawa ndilo litapunguza hatari mnayoiogopa? Nikaeleza kwamba vifo vya mifugo viliongezwa. Meneja akaniuliza mbele ya wote kama nakubali nilileta hesabu za uongo. Nikaketi. Ngai! Niliketi kwa kuogopa kazi yangu, na mpaka leo najichukia kwa hilo.

Mama alikuja ofisini na wenzake wawili, wamefunga vitambaa vyao vya kanisani. Nikawaeleza pale kaunta. Mmoja akawaka: pesa za hisa walizoweka miaka yote hiyo zilitoka Gatuanyaga hiyo hiyo, mbona hizo tulipokea? Katika jengo lile lote, hakuna aliyekuwa ameuliza swali la maana kama hilo.

Mama hakuwaka. Aliikunja barua ya kukataliwa mkopo waliyotumiwa, akaniangalia.

"Ulipokuja kwetu, ulikuwa unajua hiyo fomu ni ya nini?"

Nikasema hapana, sikujua.

"Basi si ungeuliza, kabla ya kutuuliza sisi?"