Mgeni Haulizwi Viazi au Wali

Pikipiki iliacha lami, ikapita katikati ya mashine mbili za kusaga mawe ya dhahabu, na hapo Cornel akajua kwamba wamepotea. Ramani ya simu ilimwambia mgahawa uko kushoto. Kushoto palikuwa na kanisa.

"Hapa ndipo Masumbwe?"

"Masumbwe ndiyo hii yote, mzee. Sema unamtaka nani."

"Serafina. Mpishi."

"Mama Evelina! Si ungesema tangu kule lami?" Dereva akageuza pikipiki, akicheka mwenyewe.

Cornel alikuwa mzaliwa wa Bukoba, mwenye miaka hamsini na miwili. Kumi na tisa kati ya hiyo aliimalizia kwenye meli za watalii, zile zenye ghorofa kumi na bwawa la kuogelea juu ya bahari, na aliweza kuuliza "viazi au wali?" kwa lugha saba. Sasa wakala mmoja wa Dar es Salaam alikuwa akimtuma mikoani kuwapima wapishi waliotaka kwenda huko. Kisukuma hakikuwamo katika zile saba, wala Kisumbwa.

Alimkuta Serafina akimenya viazi nyuma ya mgahawa. Mama huyo alinyanyuka, akafuta mikono kwenye kitenge, akapiga goti kidogo. "Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Natoka kwa wakala wa..."

Kabla sentensi haijaisha, maji ya kunawa yalikuwa yamefika, na nyuma yake ugali na samaki sato mzima.

"Mama, nimeshakula Kahama."

"Nani amekuuliza?" Serafina alicheka. "Hapa mgeni haulizwi, baba. Ukimuuliza mgeni kama atakula, umeshamwambia aondoke."

Cornel akala. Kati ya matonge akayapata maisha ya mwenyeji wake vipande vipande. Alizaliwa Ushirombo, akajifunzia upishi jikoni kwa masista wa parokia, wakati wa sikukuu ambapo ng'ombe huchinjwa watatu. Aliolewa Masumbwe. Mumewe, Selestine, alifuata dhahabu Chunya na kuoa huko huko. Evelina, binti yao, sasa ana mji wake. Waliobaki naye ni mama mkwe, Bibi Mariana, na wachimbaji ambao amewalisha miaka kumi na miwili.

"Mwaka jana nilipimwa Kahama," alisema. "Nikaanguka."

Cornel alikuwa na karatasi ya mwaka jana mkobani. Mpimaji aliandika mstari mmoja: *Anapika vizuri, kugawa kunamshinda.* Wakala hakuchukua mpishi mpya aliyetimiza miaka arobaini, na Serafina angeitimiza Agosti. Hakukuwa na mara ya tatu.

Kipimo kilikuwa siku iliyofuata, mchana. Akifaulu, angepanda basi la Mwanza keshoyake asubuhi na karatasi yenye sahihi, akasajiliwe. Nyama moja tu, kuku, na vya pembeni vinane, kuanzia viazi vya kuponda mpaka michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Kila mlaji angechagua viwili, na mpishi angemletea hivyo viwili basi. Ndivyo wanavyokula melini. Walaji walikuwa sita, wote wachimbaji wa duara moja, yaani shimo moja, na mkubwa wao aliitwa Mayala.

Serafina alimwendea na daftari. "Baba Limi, kuku yupo. Pembeni kuna viazi vya kuponda, karoti za siagi, maharage mabichi, boga la kuchoma, wali, kabichi, michembe ya karanga na ugali. Chagua viwili."

Mayala alimtazama kama anayetazama mtu mwenye homa. "Viwili kwa nini?"

"Ndio utaratibu."

"Na vingine vya nani?"

"Vya wengine."

"Wengine gani? Sisi sote duara moja."

"Mama Evelina," kijana mmoja, Davis, akadakia, "kama chakula kimepungua sema tu, tuna miguu, tutakula kwa jirani!" Wenzake wakacheka. Mayala hakucheka.

"Umesema ugali uko pembeni?"

"Ndiyo, baba."

"Ugali ukiwa pembeni, katikati kuna nini?"

"Kuku."

"Kuku si mboga?"

Serafina akamgeukia Cornel, na Cornel akaitazama fomu yake. Fomu haikusema kitu. Kwao Bukoba ndizi ndicho chakula, vingine vyote ni mboga. Alikuwa akilijua hilo tangu hajaota meno. Sasa akajiuliza ni bandari gani alikolisahau, asiikumbuke.

Mayala alivaa kofia yake, akasimama. Wale watano wakaanza kusimama mmoja mmoja.

Serafina akalitia daftari kifuani. Akaingia jikoni, akarudi na sinia kubwa, ugali katikati, kuku na mabakuli saba yakiuzunguka. Akaliweka mezani. Mayala akavua kofia, akanawa.

Kwenye fomu palikuwa na mstari: *Anampa mgeni alichochagua tu.* Kalamu ya Cornel ilining'inia hapo mpaka wachimbaji walipomaliza, wakashukuru, "Wabeja, Mama Evelina," wakarudi shimoni.

"Nimeanguka tena, eti?" Serafina aliuliza, akikusanya mabakuli.

"Kwa nini hukungoja wachague?"

"Mbona wamechagua? Hukuona? Mayala amelirudia boga mara tatu, karoti hakugusa. Jino la kushoto linamsumbua, wiki ya pili hii. Davis anaikimbia siagi. Yule wa pembeni kabisa alikuwa anangoja wenzake wamalize michembe, anaona haya."

Cornel alichungulia mabakuli. Ilikuwa hivyo hivyo. "Lakini kule ni watu elfu mbili, mama. Leo hawa, wiki ijayo wengine. Utawaangalia wote?"

Serafina alisimama na mabakuli mikononi. "Kwa hiyo mnawauliza kwa sababu hamwajui?"

"Nadhani... ndiyo."

"Ungeniambia jana! Mimi nilijua mnawanyima." Akaketi. "Basi nipime tena kesho, kabla ya basi. Nikuulize wewe. Wewe sikujui."

Fomu haikuruhusu wala haikukataza. Cornel akakubali, asijue kama anamsaidia au anajidanganya.

Asubuhi, nyumbani kwao nyuma ya mgahawa, begi la Serafina lilikuwa tayari mlangoni. Bibi Mariana alikuwa amekaa karibu na jiko, akikoroga uji. Serafina akaja na daftari, ameliegemeza tumboni, sauti ikimtetemeka kama mtu anayetamka tusi mbele ya wakwe.

"Baba, pembeni utapenda nini? Viazi au michembe?"

"Michembe."

Akamletea michembe, sahani ndogo, na kuku kipande kimoja. Viazi vikabaki jikoni. Cornel akatia sahihi.

Upawa ukaanguka sakafuni. "Serafina!" Bibi Mariana alikuwa amesimama. "Mgeni umemuuliza? Ndani ya nyumba yangu?"

"Ni kazi, mama. Nisamehe."

"Kazi ya kufukuza watu?"

Honi ya basi la Mwanza ikalia barabarani. Serafina akapiga magoti yote mawili mbele ya mama mkwe, akaikamata mikono yake, kisha akanyakua begi na karatasi na kukimbia. Cornel alimfuata mpaka lami. Kichwa cha Serafina kilitokeza dirishani, akapaza sauti juu ya mlio wa injini: "Baba! Na ugali nao nitauuliza?"

Basi likaondoka.

Alirudi polepole kuchukua mkoba wake. Mpishi mwingine alikuwa akimngoja Ushirombo saa sita. Njiani alijaribu kuamua kama amempima mtu au amemfundisha tabia mbaya, na kila alipofika katikati, wazo lilimponyoka.

Mezani palikuwa na ugali unaofuka moshi, na mabakuli yakiuzunguka, viazi vikiwamo. Bibi Mariana alisimama kando, birika la maji mkononi, uso haucheki. Cornel alitaka kusema kwamba ameshiba, kwamba gari linamwacha. Akafunga mdomo, akanyoosha mikono ioshwe.