Kicheko Chini ya Kitenge

Mume wangu alikipenda kile kipindi cha vichekesho cha saa kumi na moja jioni. Mimi sikukipenda, na kifo chake hakijanibadilisha.

Kipindi chenyewe ni sebule moja na kochi moja. Kuna mume mnene mwongo, mke mkali na jirani mmbea. Mnene anadanganya, jirani anasikia, mke anagundua, basi. Kesho uongo mwingine. Leo mnene anafukuzwa kazi, kesho anaaga kwenda kazini. Leo mke anabeba sanduku anaondoka, kesho yuko palepale kwenye kochi na hakuna anayemuuliza alilala wapi. Ukikosa wiki nzima hujakosa kitu. Nilimwambia mume wangu kwamba hata mwenye akili ya kuku anakifuata.

"Ndiyo maana nakipenda," alijibu. "Nikitoka gereji, akili iliyobaki ni ya kuku."

Alipofariki, wifi yangu aliifunika televisheni kwa kitenge. Kwenye ukoo wao nyumba yenye msiba haiwashi televisheni mpaka arobaini ipite. Nilishukuru kimoyomoyo.

Kilichonitesa ni mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Tulipotoka kumzika mwanawe kule kwao Magu, tulirudi naye nyumbani kwangu Igoma, maana alikuwa hali chakula. Uji aliugusa kwa mdomo akaurudisha. Supu ya sato iliganda mbele yake. Nikampikia matobolwa, viazi vile vikavu anavyovipenda tangu utoto wake, akavigawa kwa majirani. Gauni lilianza kumpwaya mabegani. Niliogopa tutarudi Magu kumzika na yeye.

Siku moja umeme ulikatika tangu asubuhi. Uliporudi jioni, tukiwa tumekaa kimya sebuleni, watu wengi wakaangua kicheko ndani ya nyumba. Hakuna aliyekuwa ameichomoa televisheni, nayo iliwaka yenyewe chini ya kitenge.

Mayu aliinua kichwa. "Nani anacheka msibani?"

"Hakuna mtu, Mayu, ni televisheni," wifi alisema, akakimbilia swichi.

"Televisheni haina meno. Funua niwaone."

"Mayu, arobaini bado!"

"Aliyekufa ni wa kwangu. Funua."

Wifi akafunua huku akinitazama kama mimi ndiye niliyeuleta umeme.

Mayu aliikodolea macho. Kiswahili chake ni cha kuombea chumvi dukani. Mengine yote ni Kisukuma. "Hawa wanaongea, hawacheki. Wanaocheka wako wapi?"

"Kicheko kimerekodiwa, Mayu," nilisema. "Wanakiweka ili mtu ajue hapa ndipo pa kucheka."

"Kumbe mnafundishwa mpaka kucheka!" Akasonya. Baada ya muda mfupi akasema, "Huyo mnene ameficha kitu chini ya kochi. Mkewe atakikalia."

Mke akakikalia. Kilikuwa keki. Lile kundi lisiloonekana likacheka tena, na wifi naye akacheka, kisha akajiziba mdomo kwa khanga. Nikafikiri: ndiyo sifa yote ya hawa wenye kipindi. Wametengeneza kitu ambacho hata lugha hakihitaji, ili pasiwe na mpumbavu anayeachwa nyuma.

"Mwanangu alikuwa anaangalia upuuzi huu?" Mayu aliniuliza.

"Kila siku."

"Akicheka?"

"Mpaka anakohoa."

Kwenye televisheni mke alimtimua mnene kwa ufagio, mlango ukabamizwa, kipindi kikaisha.

"Huyo amekwenda," Mayu alisema. "Atarudi?"

"Kesho jioni, Mayu."

"Kwa mlango huohuo?"

"Huohuo."

Alikaa akiutazama mlango wetu, si ule wa kwenye televisheni. Kisha akanyoosha mkono. "Nipe uji."

Nilimpa. Aliumaliza, akapitisha kidole ndani ya bakuli. Wifi aliokota kitenge, akasimama nacho, mwisho akakikunja na kukiweka kabatini.

Nakidharau kipindi kile mpaka leo, na mnene yule namchukia hasa, anayetimuliwa kila jioni na kurudi bila hata kupangusa viatu. Lakini kesho yake, ilipokaribia saa kumi na moja, nilikuwa nimeshapika uji mzito zaidi, wa karanga, na swichi niliiwasha mwenyewe.